Ngiri inasababishwa na nini hasa, na je, ni lazima nipasuliwe?

#1 Mpagazi wa Tandale
Wadau, salaam. Ninafanya kazi ya kupakua magunia ya mahindi na mchele katika soko la Tandale. Tangu mwezi wa Ramadhani uliopita nimekuwa nikiona uvimbe upande wa kulia wa kinena, ambao hujitokeza nikisimama kwa muda mrefu au nikikohoa, na hurudi ndani wenyewe nikilala chali. Hauniumi sana, ila jioni baada ya kazi nahisi uzito, kama kuna kitu kinavuta kuelekea kwenye korodani. Daktari wa kituo cha afya amesema ni ngiri, kwamba tiba yake ni upasuaji, na ameniandikia rufaa. Mwenye ghala ninayemfanyia kazi anasema huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao na magunia yake hayahusiki. Jirani yangu anasema unatokana na kulala kwenye sakafu ya baridi, na anamjua mtu wa kunichemshia mizizi. Kila mmoja ana hakika na analolisema. Naomba wenye ujuzi na waliowahi kuugua mnieleze chanzo chake ni kipi, na nisipopasuliwa itakuwaje.

#2 Kipara wa Manzese
Mkuu, jirani yako amesema kweli: ngiri ni baridi. Sisi tuliolelewa na wazee wa Pwani hatukuruhusiwa kukaa kwenye saruji tupu, wala kuoga maji ya baridi mwili ukiwa bado una joto la kazi, wala kunywa madafu usiku. Daktari anaona tundu na anataka kulishona, lakini haulizi tundu hilo limeletwa na nini. Tafuta mizizi, ipo ya kutosha pale Kariakoo.

#3 Tabibu Mstaafu
Mleta uzi, pole. Nimefanya kazi katika vyumba vya upasuaji kwa miaka mingi na nitajaribu kueleza bila kukuchosha.

Ukuta wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli na utando mgumu, lakini una sehemu chache ambazo ni dhaifu kwa maumbile kwa sababu kuna kitu kinachopita au kilichowahi kupita hapo: kitovu, kinena, na nafasi ndogo iliyo chini ya mkunjo wa paja ambamo mishipa mikubwa ya damu hushuka kwenda mguuni. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yanayosukumwa kupitia mojawapo ya sehemu hizo, yakiwa ndani ya kifuko cha utando wa tumbo. Kwa mwanamume, korodani huumbika tumboni na hushuka kabla ya kuzaliwa kwa kupitia mfereji wa kinena, zikiburuta kifuko cha utando huo. Kwa kawaida kifuko hicho huziba. Kisipoziba, njia hubaki wazi, na mtu anaweza kuishi nayo miaka arobaini bila kujua, hadi siku utumbo unapoifuata njia hiyo. Korodani ya kulia huchelewa kushuka kuliko ya kushoto, na hiyo ni sababu mojawapo ya ngiri ya kulia kuonekana mara nyingi zaidi.

Ipo aina nyingine ya ngiri ya kinena, ambayo haitokani na kifuko cha utotoni bali na kulegea kwa ukuta wa nyuma wa mfereji huo. Hii ni ya ukubwani na uzeeni. Wanaojikamua kwa sababu ya choo kigumu, wenye kikohozi cha muda mrefu, na wazee wanaosukuma mkojo uliozuiwa na tezi dume huongeza shinikizo la tumbo kila siku, na ukuta uliolegea hushindwa. Ndiyo maana mzee anayekuja na ngiri mpya hatupaswi kuishia kwenye ngiri. Tumuulize pia anavyokojoa na anavyokohoa. Baridi, Mzee Kipara, haimo katika orodha hii kwa vyovyote.

#4 Fundi Seremala
Shukrani kwa maelezo, Tabibu, lakini hoja ya shinikizo hainiingii yote. Mimi nimebeba mbao tangu nikiwa kijana, za mninga na za mpodo, na sina ngiri. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye kitu kizito kuliko vyote alichowahi kunyanyua ni rundo la madaftari, naye amepasuliwa pande zote mbili. Baba yetu alikuwa nayo, na mdogo wake baba pia. Kwa macho yangu hii ni damu ya ukoo, na mwenye ghala, ingawa ana nia yake ya kujitetea, huenda hakukosea.

#5 Msomaji wa Mabibo
Fundi, urithi ni kweli kabisa: aliye na mzazi au ndugu mwenye ngiri ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata, na hilo ni miongoni mwa mambo ambayo tafiti nyingi zinakubaliana. Watafiti pia wamekuta kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika kolajeni, yaani protini inayoipa nguvu nyama ya kuunganisha mwili, na uvutaji wa sigara unahusishwa na ngiri kurudi baada ya kushonwa. Hata hivyo mzigo usiondolewe haraka hivyo. Watafiti wa Denmark waliowafuatilia wanaume wengi kwa kutumia kumbukumbu za kazi na za hospitali walikuta kwamba kunyanyua mizigo na kusimama siku nzima vinahusiana na ile aina inayopita katika njia ya utotoni. Inawezekana, basi, mwenye ghala na mpagazi wote wana sehemu ya ukweli: njia huachwa na maumbile, gunia ndilo linalosukuma. Lakini nakiri kwamba ushahidi kuhusu mizigo haujakaa sawa kama ule wa urithi.

#6 Karani wa Ubungo
Nadakia kwenye suala la mwenye ghala kwa sababu naona ndilo linalomuuma mleta uzi kuliko kinena chenyewe. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na madai yake husimama juu ya ushahidi wa kitabibu kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Ukisoma bandiko la Msomaji utaona ugumu ulipo, maana daktari ataulizwa atenganishe njia ya kuzaliwa nayo na gunia la jana. Vilevile uulizwe wewe: una mkataba, au unalipwa kwa gunia?

#7 Mpagazi wa Tandale
Nalipwa kwa gunia, ndugu Karani. Hapo hata nisiendelee.

#8 Mzee wa Kigamboni
Vijana, mmemshambulia Kipara kuhusu baridi, lakini hakuna aliyeona kwamba madafu aliyoyataja hayasemwi juu ya ngiri. Husemwa juu ya busha. Haya ni magonjwa mawili na watu hapa mjini huyachanganya kila siku. Busha ni maji yanayojaa katika kifuko kinachoizunguka korodani, na kwa ukanda wetu wa Pwani sababu yake kubwa imekuwa minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Mbu wetu hapa Dar es Salaam huzaliana katika vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, kwa hiyo ukitaka kulaumu kitu laumu mtaro, mnazi uache. Ndiyo sababu Serikali imekuwa ikigawa dawa za kumeza kwa wananchi wote wa mitaa yenye maambukizi, ivermektini pamoja na albendazo, na kufanya kambi za kupasua mabusha. Ngiri haina uhusiano na mbu hata kidogo.

Kwa kawaida tofauti yake huonekana. Ngiri huanzia kinenani na kushuka, hukua ukikohoa na mara nyingi hurudi ukilala. Busha hukaa chini tu, halirudi, na kwa juu yake unaweza kuishika kamba ya korodani ikiwa huru. Wapo wenye vyote viwili, na hapo mtu asijipime mwenyewe.

#9 Muuza Madafu Kivukoni
Mzee wa Kigamboni, Mungu akuzidishie umri. Miaka yote nimekuwa nikiwaona wanaume wakinunua dafu, wakinywa nusu, kisha wakikumbuka maneno ya babu zao na kunirudishia. Nitalichapisha bandiko lako na kulibandika kwenye mkokoteni.

#10 Kipara wa Manzese
Muuza Madafu, wewe ni shahidi mwenye maslahi, hatukupokei.

#11 Bibi wa Mbagala
Hamjambo wanangu. Mimi nina swali la wajukuu. Mkubwa, wa miaka miwili, ana kitovu kilichotokeza kama ndimu, na mama yake amekifunga kwa sarafu na kitambaa. Mdogo, wa miezi minne, alizaliwa kabla ya wakati, na akilia panatokea uvimbe kwenye kinena. Watu wamenituliza kwamba vyote viwili hufunga vyenyewe mtoto akifika umri wa kwenda shule. Ni sawa?

#12 Tabibu Mstaafu
Shikamoo Bibi. Majibu ni mawili yanayopingana, na naomba uyatenganishe vizuri.

Kitovu cha huyo mkubwa kinaweza kusubiri. Ngiri ya kitovu ni ya kawaida sana kwa watoto wetu wa Afrika, na nyingi huziba zenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Sarafu haiharakishi chochote, tena hukwaruza ngozi na kuleta vidonda, hivyo itolewe. Tutampasua tu ikiwa tundu ni kubwa na halipungui baada ya umri huo, au ikiwa uvimbe utakuwa mgumu na wenye maumivu.

Huyo mdogo hasubiri. Ngiri ya kinena kwa mtoto haizibi yenyewe, kwa sababu ni ile njia niliyoieleza kwenye bandiko namba 3, na kwa watoto wachanga, hasa waliozaliwa njiti, utumbo hunaswa kwa urahisi zaidi kuliko kwa watu wazima. Upasuaji wake ni mdogo: kifuko hufungwa na kukatwa, wala hauhitaji wavu, yaani kiraka cha plastiki cha kuimarisha ukuta wa tumbo. Mpelekeni wiki hii, tena mwende kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto, na Muhimbili wapo. Akilia bila kunyamaza, akitapika, na uvimbe ukawa mgumu, msingoje asubuhi.

#13 Mti Dawa
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi natibu kwa mitishamba na sipendi namna tunavyosemwa kana kwamba sote ni matapeli wa kubandika makaratasi kwenye nguzo za umeme. Wapo wagonjwa waliokuja kwangu wakiwa na maumivu ya kinena na chini ya tumbo, wakatumia dawa, wakapata nafuu, wakarudi kushukuru. Ninyi mnaelezaje hao?

#14 Nesi wa Zamu
Mti Dawa, nitakujibu kwa heshima. Maumivu ya kinena yana sababu nyingi: msuli uliovutika, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, mawe ya figo. Dawa inayolainisha choo itampa mtu nafuu ya kweli, naye atasema amepona ngiri ambayo pengine hakuwa nayo. Mwenye tundu halisi anaweza pia kukaa miezi bila maumivu, tundu likiwa palepale. Hakuna mzizi unaosogeza kingo mbili za utando zikashikana.

Ninachokiogopa mimi si dawa yenyewe bali muda. Niliwahi kumpokea usiku mwanamume, dereva wa guta, aliyekuwa na ngiri ya miaka mingi na aliyekuwa akiirudisha mwenyewe kila jioni. Siku hiyo iligoma kurudi. Alipewa kitu cha kunywa, akakandwa kwa maji ya moto, akakandamizwa na ndugu zake wawili, na alipofika kwetu alikuwa ametapika mchana kutwa, tumbo limejaa, ngozi ya kinena imekuwa nyekundu. Sehemu ya utumbo ilikuwa imekosa damu na kuoza, ikabidi ikatwe na ncha ziunganishwe. Aliishi, lakini upasuaji ambao ungemrudisha nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake ulimlaza wodini majuma. Uvimbe usiorudi, unaouma, wenye kutapika, na mtu asiyeweza kupata choo wala kutoa hewa: hayo yakikutana, saa zinahesabiwa.

#15 Mti Dawa
Hapo kwenye kukanda na kukandamiza tuko pamoja. Mimi uvimbe mgumu siugusi.

#16 Mpagazi wa Tandale
Nawashukuru wote. Nina maswali matatu ambayo niliona haya kuyauliza kituoni. Kwanza, nasikia ngiri humaliza nguvu za kiume. Pili, katika maduka ya vifaa tiba Kariakoo kuna mikanda ya ngiri. Je, nikivaa mmoja siwezi kuendelea na kazi? Tatu, naogopa nusu kaputi, kwa sababu mjomba wangu hakuamka.

#17 Tabibu Mstaafu
Pole kwa mjomba. Naanza na hilo. Ngiri ya kinena si lazima ifanyiwe nusu kaputi. Wengi hapa nchini hupasuliwa kwa sindano ya mgongo, ukiwa macho na miguu imekufa ganzi, na ngiri ndogo inaweza kufanywa kwa ganzi ya kuchomwa palepale kinenani, jambo linalowafaa hata wazee wenye moyo dhaifu.

Kuhusu nguvu za kiume, ngiri yenyewe haizimalizi. Kubwa iliyoshuka hadi kwenye mfuko wa korodani hukwaza tendo kwa ukubwa wake na kwa maumivu, na aibu nayo ina kazi yake, lakini mishipa inayohusika haipiti hapo. Hilo la nguvu za kiume limeenea kwa sababu linauza dawa. Kwa haki niseme pia kwamba mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani hupita ndani ya mfereji tunaoushona, na mara chache huweza kuumia wakati wa upasuaji. Mwulize daktari wako jambo hilo waziwazi kabla hujatia sahihi.

Mkanda hauponyi. Hubana tundu kwa nje, na ukivaliwa utumbo ukiwa bado nje, unaukandamiza na kuudhuru. Tuliwapa mkanda wale wasioweza kabisa kupasuliwa, tukiwafundisha kuuvaa wakiwa wamelala.

#18 Kuli Mstaafu
Kijana wa Tandale, mimi nilikuwa bandarini enzi ambazo mashine hazijawa nyingi. Nimepasuliwa kulia, na miaka kadhaa baadaye kushoto. Ya kulia ilishonwa kwa nyuzi tu, ya kushoto iliwekewa wavu. Ile ya nyuzi iliniuma sana majuma ya kwanza, kisha nikaisahau. Hii ya wavu ilipona upesi, lakini hadi leo nikikaa kwenye daladala kwa foleni ndefu ya Mandela nahisi mchomo, na kipande cha ngozi juu ya kinena kimekufa ganzi. Sijuti, maana vyote viwili havijarudi, ila wanaosema ni upasuaji mdogo wausemee na huo mchomo.

#19 Msomaji wa Mabibo
Mzee Kuli umegusa jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Maumivu ya kudumu yenye kusumbua humpata takribani mgonjwa mmoja kati ya kumi baada ya upasuaji wa ngiri ya kinena, na mishipa ya fahamu inayopita hapo ndiyo hulaumiwa.

Kuhusu swali la mleta uzi la kusubiri, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 huko Amerika Kaskazini. Wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua au yenye dalili kidogo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na wengine wakangoja. Dharura ya kunaswa ilitokea kwa kiasi cha chini ya wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hofu aliyoieleza Dada Nesi ni ya kweli, lakini kwa mtu kama huyo haitokei kila siku. Baada ya miaka miwili, karibu robo ya waliongoja walikuwa wamekwishapasuliwa kwa sababu maumivu yaliongezeka, na walipofuatiliwa hadi mwaka wa kumi, asilimia 68 ya waliongoja walikuwa wamekwishapasuliwa. Kungoja kumeonekana kuwa salama, ila mara nyingi ni kuahirisha tu.

#20 Nesi wa Zamu
Msomaji, takwimu hizo sizipingi. Nauliza tu: hao 720 waliishi umbali gani kutoka chumba cha upasuaji, na walibeba nini kila siku? Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014, zaidi ya asilimia 5 ya watu wazima wa Tanzania wana ngiri ya kinena, na kwa wanaume peke yao ni takribani asilimia 12. Wengi wao hawako Mabibo, na wengi wana ngiri kubwa ya miaka mingi, si ile isiyosumbua. Mpangiaji wa chumba Tandale anaweza kufika Mwananyamala kwa bodaboda usiku wa manane, lakini mvuvi wa kisiwani Mafia hana nafasi hiyo.

#21 Fundi Seremala
Turudi kwenye wavu. Kwa nini mtu awekewe plastiki mwilini wakati zamani walishona kwa uzi?

#22 Tabibu Mstaafu
Fundi, wewe na mleta uzi mnayajua magunia. Gunia kuukuu likitatuka, ukizivuta kingo mbili na kuzishona kwa nguvu, uzi hukata kando ya mshono na linatatuka tena. Ukitia kiraka kipana bila kuvuta, linashika. Mwitaliano Bassini alianzisha ushonaji wa kuvuta tabaka kwa uzi katika miaka ya 1880, na njia yake imetumika sana katika hospitali zetu kwa sababu haihitaji kununua kitu. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Lichtenstein akaeneza kiraka cha wavu kisichovutwa, na kwa watu wazima ngiri hurudi mara chache zaidi ikitumika njia hiyo. Hata hivyo ipo kliniki ya Shouldice huko Kanada, ambayo tangu mwaka 1945 hushona kwa tabaka nne za nyuzi na kupata matokeo mazuri sana, na yupo Mhindi Desarda anayetumia ukanda wa utando wa mgonjwa mwenyewe. Wenzangu wanabishana hadi leo. Mimi nasema mkono wa mshonaji una uzito kuliko jina la njia.

#23 Msomaji wa Mabibo
Niongeze tu kuhusu bei, kwa sababu wavu wa kiwandani ndio uliokuwa kikwazo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa jirani zetu Uganda: wanaume 302, nusu wakawekewa wavu wa kibiashara uliogharimu takribani dola 125, nusu wavu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua uliogharimu chini ya dola moja. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la chandarua na kwa sifuri katika kundi lingine, tofauti isiyo na maana kitakwimu.

#24 Kipara wa Manzese
Ninacho chandarua nilichopata kwa hati punguzo, hakijafunguliwa. Nikija nacho hospitali nitapunguziwa?

#25 Nesi wa Zamu
Mzee Kipara, hicho kimetiwa dawa ya kuua mbu, na wewe si mbu ingawa unatunyonya usingizi. Kitambaa kilichotumika Uganda hakikuwa na dawa, na kilikatwa na kutakaswa kwa mvuke wa joto kali kabla ya kutumika. Mtu asijaribu kwa chandarua cha kitandani.

#26 Mpagazi wa Tandale
Nimeamua kuipeleka rufaa. Nikipasuliwa, nitarudi lini kazini? Nauliza kwa sababu sina mshahara wa mwezi.

#27 Msomaji wa Mabibo
Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inasema mgonjwa arudie shughuli zake mara tu anapoona anaweza, bila katazo maalumu, kwa kuwa haijaonekana kwamba kutembea au kunyanyua mapema huirudisha ngiri.

#28 Kuli Mstaafu
Walioandika miongozo hiyo hawajawahi kutwishwa lumbesa. Mimi niliambiwa wiki sita na nilizikaa zote, nikila kwa mkopo. Kulia kwa nyuzi ningethubutu kurudi wiki ya pili?

#29 Tabibu Mstaafu
Mzee Kuli, wengi wetu tunasema wiki nne hadi sita kwa kazi nzito, na kwa kweli ni mazoea zaidi ya ushahidi. Lakini miongozo ile inazungumzia zaidi wavu na kazi za kawaida, na gunia lililojazwa kupita kilo 100 si kazi ya kawaida kwa mwenye kidonda wala kwa asiye nacho. Kijana atembee tangu siku ya kwanza, ale matunda na mboga ili asijikamue chooni, aombe wenzake wampe kazi ya kuhesabu au kufagia ghala kwa muda. Mwenye ghala akikataa hata hilo, tutajua anachokiamini kuhusu magunia yake.

#30 Mama Lishe Buguruni
Samahani kwa kuingilia. Mmezungumzia wanaume tu. Mimi nina kiuvimbe kidogo chini kabisa ya kinena, juu ya paja, kama punje ya korosho. Hakirudi nikilala na wala hakiumi. Nilidhani ni tezi.

#31 Nesi wa Zamu
Mama, huenda ni tezi kweli, lakini mahali hapo ndipo inapotokea ngiri ya paja, ambayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na ni ndogo kwa macho lakini hatari yake ni kubwa. Tundu lake ni finyu na kingo zake ni ngumu. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 1991 ulikadiria kwamba ngiri ya paja ina uwezekano wa asilimia 22 wa kunaswa na kukosa damu ndani ya miezi mitatu, na asilimia 45 ndani ya miezi 21, wakati ile ya kinena haikufika asilimia 5 kwa miaka miwili. Hapa hakuna kungoja. Nenda wiki hii, na ukipimwa usimruhusu mtu akupe vidonge vya tezi bila kukugusa ukiwa umesimama na ukikohoa.

#32 Mama Lishe Buguruni
Ahsante dada. Nitaenda Amana Jumatatu nikishapika cha asubuhi.

#33 Nesi wa Zamu
Nenda kabla ya kupika, huenda wakahitaji tumbo tupu.

#34 Fundi Seremala
Sasa mimi nina swali kwa upande wa mizigo. Mama zetu hubeba ndoo za maji kichwani na mtoto mgongoni tangu wakiwa wasichana, na bado takwimu za Nesi zinatuambia ngiri ya kinena ni ya wanaume kwa wingi. Kama gunia ndilo linalosukuma, mbona ndoo haisukumi?

#35 Tabibu Mstaafu
Kwa sababu mfereji wa kinena wa mwanamke ni mwembamba, Fundi. Hakuna korodani iliyopita hapo.

#36 Fundi Seremala
Basi ni maumbile, kama nilivyosema kwenye bandiko namba 4.

#37 Msomaji wa Mabibo
Ni maumbile yanayongoja kusukumwa. Na kaka yako mwalimu, je, hakuwahi kuvuta sigara au kukohoa muda mrefu?

#38 Fundi Seremala
Havuti. Chaki tu.